Machujio ya Mahindi ya Mzee Zapletal

Chini ya jengo la ghorofa karibu na reli ya mji wa Přerov, pale majirani wanapoweka baiskeli na viazi, Oldřich Zapletal alikuwa na matangi kumi na manne ya samaki. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Miaka thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia akikereza vyuma katika kiwanda cha pampu, na kiwanda hicho ndicho kilichomfanya awe mfugaji, maana zama zile dukani hukukuta kitu. Ukitaka chujio la tangi, ulilitengeneza mwenyewe. Saa ya chakula mafundi waliwasha tena mashine, huyu akichonga mguu wa meza, yule kifuniko cha gari lake, na msimamizi akipita aliangalia nje dirishani, kwa sababu naye alikuwa na chake kinachokerezwa. Kila nyumba mjini ilikuwa na kipande cha kiwanda ndani yake. Leo pale pana maegesho na duka la magodoro. Watu hununua vitu vilivyofungwa kwenye nailoni, vikivunjika hutupa wakanunua vingine, na mikono haijui tena kazi nyingine isipokuwa kubonyeza.

Olda, kama walivyomwita wote, alikuwa na machujio matatu aliyoyakereza mwaka 1981 kwa mabaki ya plastiki angavu. Yalikuwa mabomba yaliyopinda juu, yenye matundu membamba chini. Bomba ulilivika sponji, ukapuliza hewa ndani, mapovu yakapanda na kuyavuta maji polepole yapite kwenye sponji. Vitoto vya samaki vilikaa juu ya sponji vikila takataka zake kama ng'ombe malishoni. Lakini plastiki nayo huzeeka. Kipupwe kilichopita yote matatu yalipasuka, moja baada ya jingine, kama ndugu waliokula yamini.

Mwezi wa tatu Olda alimeza kiburi akanunua chujio la dukani. Matundu yake yalikuwa mapana. Vitoto mia mbili vikavutwa ndani, na kufikia asubuhi hakikubaki hata kimoja.

Navyo havikuwa vitoto vya hivihivi. Vilikuwa malaika weusi, samaki wapana kama kiganja, weusi kama masizi, ukoo alioufuga tangu hajaoa. Sasa ilikuwa imebaki jozi moja, na jike lake lilikuwa limeanza kibiongo. Jumamosi moja ya mwezi wa tano jike hilo likataga tena juu ya kigae.

"Huyu bibi hatataga tena baada ya hapa," alisema Libuše, mkewe Olda, akichungulia kwenye kioo.

Olda alijua hivyo. Mayai yangeanguliwa Jumatatu, na Jumamosi inayofuata vitoto vingeanza kuogelea. Kama kufikia siku hiyo hakuwa na machujio mazuri, ukoo wote ungeishia pale chini, kati ya viazi vya majirani.

Ndipo alipokwenda kwa Vratislav Kubát, Vráťo kwa rafiki zake, aliyekuwa mchoraji wa michoro ya mashine katika kiwanda kilekile na sasa katibu wa klabu ya wafuga samaki. Kubát alikuwa amenunua printa ya plastiki, mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kujenga kitu tabaka juu ya tabaka. Ilikaa sebuleni, mahali palipokuwa na cherehani ya marehemu mama mkwe. Kwa miaka miwili Olda alikuwa akiiita mbele za watu "ile mashine inayokunya uzi."

"Nasikia umekuja kuiomba radhi mashine yangu," alisema Kubát mlangoni.

"Nimekuja kuona kama inaweza kitu zaidi ya vishikizo vya funguo."

"Lete mfano, mzee wa zama za mawe."

Olda akafungua leso yenye vipande vilivyopasuka. Kubát akavipima kwa kalipa, akaanza kuchora kwenye kompyuta, kisha mkono ukasimama.

"Haya matundu ni nusu milimita. Uliyakata kwa kifaa gani?"

"Kwa msumeno nilioutengeneza mwenyewe. Saa ya chakula, mkate uko kinywani."

Kubát alirudi kwenye kompyuta, akayachora kwa nusu milimita ileile. Kila chujio lilichukua saa sita. Jumatano yalikuwa tayari matatu, meupe kama meno ya bandia.

"Plastiki gani hii?" Olda aliuliza, akilipindua moja mwangani.

"Inatokana na mahindi."

"Mahindi tunawapa mabata bukini, Vráťo."

"Mwaka huu wape na samaki. Yaoshe tu, uyaweke."

Yaoshe tu! Olda aliteremka ngazi akitikisa kichwa. Katika klabu ya Přerov kitu cha kwanza ulichofundishwa, hata kabla ya kupewa samaki, ni kwamba kila kinachoingia kwenye tangi la vitoto kimwagiwe maji yanayotokota. Nyavu, mawe, mabomba, vyote. Mtu asiyechemsha vyombo hakuazimwa hata wavu. Kuosha tu ilikuwa dini ya wavivu, na Kubát siku zote alikuwa mvivu kidogo.

Basi Alhamisi Olda akachukua sufuria kubwa ya Libuše, ile ya kuchemshia madonge ya mkate, akayaweka machujio matatu ndani, akayamiminia maji yanayotokota. Akashuka kuwalisha samaki. Aliporudi, Libuše alikuwa amesimama juu ya sufuria na uma mkononi.

"Umepika nini humu?"

"Machujio."

"Yameiva," alisema Libuše, akainua moja kwa uma. Lilikuwa limejikunja kama sikio la nguruwe kwenye supu.

Olda akaketi.

"Mpigie Kubát," alisema Libuše.

"Atanicheka mpaka Krismasi."

"Na akucheke. Mficha uchi hazai, na samaki wako vilevile."

Kubát alifika kwa baiskeli. Akatazama ndani ya sufuria, akavua miwani, akacheka mpaka akalazimika kushika jokofu.

"Nilikwambia uoshe."

"Na kuosha ni nini bila maji ya moto?"

"Hii inalainika hata kwa chai, Olda. Nami sina cha kukusaidia, uzi wenyewe umekwisha. Mwingine unakuja Jumatatu kwa posta."

Jumatatu ilikuwa kuchelewa kwa siku mbili, na wote watatu walijua. Kubát aliacha kucheka. Olda alikuwa ameshika lile sikio la nguruwe, bado la moto, akalisikia linatii chini ya kidole gumba. Vidole vilikumbuka kabla ya kichwa. Hivi ndivyo alivyokuwa akiipinda plastiki angavu juu ya jiko, mwaka ule.

"Libuše, mwiko."

"Sufuria yangu umeshaiharibu, sasa mwiko?"

Lakini alimpa. Mpini wa mwiko uliingia kwenye bomba kama uliopimwa. Olda alilichovya kwenye maji ya moto, akalivingirisha kati ya viganja, akalitumbukiza kwenye maji baridi. Mara nne, mara tano. Matundu yaliyojifunga aliyafungua kwa wembe, moja moja, ulimi ukiwa nje, naye Kubát akishika taa na kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Chujio moja lilikataa kabisa likatupwa. Mawili yalisimama, ingawa moja mdomo wake uligeukia kando.

"Hili umelipinda makusudi?" Kubát aliuliza walipolijaribu tangini. Mapovu yalitoka yakiufuata ukuta wa kioo, na maji katikati yakatulia kabisa, mahali pazuri kwa vitoto.

Olda alitamani sana kusema ndiyo.

"Hapana. Mpini wenyewe umepinda."

"Basi ubaki umepinda hivyohivyo," alisema Kubát, akatoa penseli akauchora mpindo huo nyuma ya bahasha.

Jumamosi asubuhi Olda na Kubát walikaa juu ya kreti za bia, pua karibu na kioo. Vitoto viliinuka kutoka kwenye kigae kama vumbi lililopata akili. Kundi likasogea upande wa chujio, likasogea zaidi. Olda alishika goti la Kubát bila kujua. Vile vya mbele vikagusa sponji, vikanata. Kisha kimoja kikajitoa, kikasogea upana wa nywele, kikaanza kula.

"Kinakula," alinong'ona Kubát.

"Ninaona. Niachie hewa."

Wiki tatu baadaye, vitoto vikiwa vimeota mapezi na kuwa na sura ya malaika, Olda alijaza maji kwenye chupa kubwa iliyokuwa ya matango, akaivika soksi ya sufu, akamkabidhi Kubát. Ndani vilikuwamo vitoto themanini.

"Hawa weusi? Miaka arobaini na tano hujampa mtu."

"Ukoo mzima ulikuwa umening'inia kwenye mpini wa mwiko. Sitaki tena ukae mahali pamoja. Kaa navyo, na usipovitunza nitaileta ile sufuria kwako."

Mvua ilikuwa inanyesha, baridi kiasi. Kubát aliiingiza chupa ndani ya koti, akafunga vifungo, akaondoka akiikokota baiskeli polepole, tumbo mbele. Libuše alifungua dirisha.

"Unajifungua lini, Vráťo?"

"Hawa wameshazaliwa, mama," alijibu Kubát bila kugeuka. "Sasa ni kulea."