Kinyonga katika Kopo la Maziwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hapa Kamina, nkambo Mujinga, mama yake mama, ndiye aliyeanza kuisimulia habari hii, siku mdogo wetu Kazadi alipotimiza miaka mitatu bila kusimama. Aliisimulia mbele ya wageni, na haikuwa kamili.

Kwetu mwanamke mwenye mimba hapaswi kumwona kinyonga. Mtoto atachukua mwendo wake. Mama akiwa na mimba ya Kazadi, dada yangu mkubwa Ngoie alifuga kinyonga nyuma ya jiko, ndani ya kopo la maziwa ya unga, amtazame akigeuka rangi. Siku moja mnyama huyo alionekana akipanda kitenge cha mama. Mama alipiga kelele mpaka majirani wakaja.

"Nani amemuleta?" nkambo aliuliza.

"Ni minyi," Ngoie akasema, akijionyesha kwa kidole.

"Basi weye njo utamupa mutoto miguu ya kinyonga!"

Kumleta, alimleta. Lakini kopo nililiingiza mimi chumbani kwa mama na kulifungua, nikidhani mama atacheka. Sikusema.

Kazadi hakutembea, na lawama ikabaki kwa Ngoie. Alimbeba mgongoni kwenda shuleni miaka sita, watoto wakimzomea: "Mama Kinyonga! Tembea mbio!" Kisha akaenda Lubumbashi kusomea wanyama. Sasa anafanya kazi ya kuchunguza wanyama kwenye mabwawa ya Kinkondja. Wenzake huanza na mitego. Yeye huketi kwanza na wanawake wanaokausha samaki, awaulize wanamwogopa mnyama gani, na nani alilaumiwa kwa ajili yake.

Mwaka jana alikuja kwangu, miguu imevimba kwa safari. Nikamwambia juu ya kopo.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa na unga wa maziwa ku mikono. Ulikuwa kadogo, wangekuchapa bure."

"Na ile maneno ya kinyonga iko kweli, yaya?" nikamwuliza dada yangu.

"Hapana. Mutoto alikosa pumuzi wakati wa kuzaliwa. Dokta alinielezea, na minyi nikasoma mpaka nikaelewa. Lakini nikiona kinyonga, ningali naangalia miguu ya bantu wanaopita."

Akaomba maji, akalala kwenye kiti.

Watu husifu elimu yake. Mimi huwaza miaka ile sita ya mgongo wake, na jinsi kunyamaza kulivyonifaa.

Nkambo amefariki, na mama pia. Kazadi yu hai. Hutembea kwa magongo mawili mpaka sokoni. Ngoie yu hai. Mimi pia, na kopo nililifungua mimi.