Mrashi Uliosuguliwa kwa Majivu

Tarehe kumi na tisa Agosti, asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, mama yangu alifariki. Tulimzika kesho yake kwenye makaburi yaliyo ng'ambo ya reli hapa Manyoni, na siku hiyo niligundua kwamba nilikuwa nimepoteza kitu kingine zamani bila kujua. Nilikuwa nimepoteza kaburi la baba.

Tulitaka mama alale karibu naye. Baba alizikwa miaka ishirini na zaidi nyuma, udongo mtupu na msalaba wa mti. Msalaba uliliwa na mchwa, tuta likazama kwa mvua, ng'ombe wa watu wakapita juu yake. Nilikwenda na wachimbaji nikasimama mahali nilipodhani ndipo. Mmoja akaniuliza, "Hapa, mama, au pale?" Nikasema hapa. Sikuwa na uhakika. Mpaka leo sina.

Walipokuwa wanachimba niliamua jambo moja. Kaburi la mama lingejengwa kwa tofali na saruji kabla mvua za mwaka ule hazijaanza. Nilikuwa na miezi mitatu hivi, cherehani moja inayonipa chakula na si zaidi, na mrashi.

Mrashi ni chupa ya fedha yenye tumbo la mviringo, shingo ndefu nyembamba, na kichwa chenye matundu madogo, ya kuwanyunyizia wageni marashi kwenye harusi na maulidi. Sisi ni Wakristo na hatukuwa na asili ya kuwa nao. Mama alipokuwa kijana alifanya kazi ya ndani kwa Mwarabu mwenye duka karibu na stesheni. Familia ile ilipofunga duka na kuhamia Tabora, bibi wa nyumba alimpa mrashi ule na kumwambia ulikuwa wa bibi yake. Tangu hapo mtaa mzima waliuazima. Masharti ya mama yalikuwa mawili tu: urudi siku ile ile, na usioshwe kwa kitu chochote ila maji. Ukikauka aliufunga kwenye kanga na kuurudisha juu ya kabati. Ulikuwa mweusi kwenye michoro ya maua na mweupe mahali mikono inaposhika.

Wiki mbili kabla hajafa aliniambia, "Ule uuze. Lakini usimpe mtu wa mizani akauyeyusha. Muuzie mtu anayejua ni kitu gani."

Nilimwambia habari za kuuza vitu zingoje apone. 

Sasa, siku ya kuondoa matanga, majirani wanawake waliosha vyombo vyote vya nyumba kama desturi. Sufuria, sinia, vijiko, vyote vilitoka nje, na mrashi ukatoka navyo. Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke mwenye mikono ya nguvu, aliuchukua akausugua kwa majivu na waya wa masufuria mpaka jasho likamtoka. Kisha akauinua juani.

"Ona, dada! Miaka yote mama yenu alikuwa anatufichia kioo!"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza pale uani tangu mazishi. Nilimshukuru, tena kwa moyo, sharti la mama nimelisahau, maana hata mimi niliuona umependeza.

Sikumtii mama moja kwa moja. Nilipanda basi kwenda Singida Mjini kwa sonara, nikijiambia nakwenda kuuliza tu. Sonara alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akaupima, akaukwangua kidogo chini, akadondoshea dawa. "Tumbo ni fedha ya kweli. Nakupa laki tatu."

"Huo ni mrashi. Unanipa bei ya uzito."

"Mama, hapa kwangu kila kitu ni uzito. Hata wewe nikikupandisha kwenye mzani utakuwa uzito tu."

Wateja wakacheka, nami nikacheka. Laki tatu ingenunua saruji na mchanga, basi; tofali na fundi ningewatoa wapi? Nikauondoa kwenye mzani.

"Utarudi," akasema.

"Nikirudi utaniona."

Alipokuwa ananifungia kwenye gazeti aliugeuza tena. "Huu ungekuwa na weusi wake kwenye maua, wanaokusanya vitu vya kale wangekuja mbio. Weusi ule ndio umri. Nani ameusugua hivi?"

"Majirani, msibani."

Akamaliza kukunja gazeti. "Walikuwa wanakupenda sana," akasema.

Ndivyo nilivyojua. Ndani ya basi niliushika mapajani nikaamua mambo mawili: jirani yangu hatalisikia hili kutoka kwangu, na sonara hatauona tena mrashi ule.

Kwenye baraza ninaposhonea, pembeni yangu yuko msusi ambaye huuza viatu vya mtumba mtandaoni. Alinifundisha kupiga picha. Nikauweka juu ya kitambaa cheusi cha sketi ya mteja, mchana, kwenye kivuli, ili usimeremete. Picha zilitoka vizuri. Tukagombana kwenye maneno ya tangazo.

"Andika, mrashi wa Sultani."

"Sultani yupi?"

"Yeyote! Masultani wamekufa, nani atakuja kukubishia?"

"Ulikuwa wa bibi yake mke wa muuza duka."

"Nani anunue bibi ya muuza duka, dada yangu? Haya, andika unavyotaka, ila usiseme mimi ndiye niliyekufundisha."

Niliandika hivi: Mrashi wa zamani, tumbo limepimwa na sonara ni fedha. Una bonde ubavuni, ulianguka harusini. Shingo iliwahi kulehemiwa na fundi wa hapa Manyoni. Umesuguliwa kwa majivu na waya mwezi Agosti, weusi wake wa zamani haupo. Siuzi kwa uzito.

Tuliuweka kwenye kundi la wauzaji wa vitu vya kale. Msusi alikuwa ananisomea majibu huku anasuka, kwa sauti, ili na mteja wake asikie.

"Huyu anauliza, ni chupa ya chai? Huyu anasema, mama, unauza au unaungama? Huyu anakupa elfu themanini."

"Mwambie asante."

Wiki mbili zikapita hivyo. Nilianza kutazama mawingu. Kisha akaandika mwanamke mmoja wa Dodoma mwenye duka la vitu vya kale. Huyu hakuuliza ni chupa ya nini. Alitaka picha ya kitako, picha ya ile lehemu, picha ya maua kwa karibu, na rula kando yake. Akauliza bonde lina kina gani. Tukakubaliana laki nane, nikausafirishe mwenyewe mpaka Dodoma. Fundi wa kaburi alikuwa ameniambia laki nane inatosha kila kitu, pamoja na marumaru juu.

Jioni, siku mbili kabla ya safari, niliutoa kwenye kanga kuufuta. Jua lilikuwa linaingia chini chini kupitia mlangoni, na pale kwenye kichwa, kati ya matundu mawili, nikaona doa la njano. Nikalisugua kwa kidole, halikutoka. Kichwa kilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu. Sonara alikuwa amepima tumbo, si kichwa. Huenda hata bibi wa Kiarabu hakujua. Waya wa jirani ndio uliofika chini ya rangi.

Nikapiga picha ya lile doa.

"Una wazimu," msusi akaniambia kesho yake. "Mtu ameshakubali! Huko Dodoma ataliona mwenyewe, akilikosa basi ni macho yake."

Nilikuwa nimeshaituma usiku uliopita.

Yule mwanamke hakujibu siku ile, wala kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya safari ikapita nipo kwenye cherehani. Fundi alipita akaniuliza kama kazi ipo, kwa sababu ameitwa Itigi. Nikamwambia ipo. Sikumdanganya, niliamini ipo, ingawa sikujua ingetokea wapi.

Siku ya nne simu ikalia.

"Kichwa si fedha," akasema.

"Ndiyo, si fedha."

"Na umesuguliwa, na una bonde, na umelehemiwa. Nakupa laki tano."

Nilisimama, nikatoka barazani nisisikike. "Dada, kasoro zote hizo nimekutajia mimi, hukuzikuta. Na mazuri yake nayo uyalipie. Tumbo ni fedha, shingo haivuji, maua yake umeyaona, na ulikuwa kwenye kazi yake mpaka mwaka huu. Kichwa tuondoe laki moja na nusu. Zaidi ya hapo naurudisha juu ya kabati."

Nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi.

"Laki sita na nusu," akasema. "Njoo kesho."

Nilikwenda. Alikuwa na nywele za mvi na kioo cha kukuzia alichokitundika shingoni. Aliukagua mrashi kwa muda mrefu. Kisha akamimina maji kidogo ndani yake, akanyunyiza mara moja juu ya kiganja chake, akatabasamu, akanilipa. Nikarudi Manyoni na kanga tupu.

Fundi alijenga kwa siku tatu. Marumaru hatukuweka, fedha haikufika. Saruji ya juu ilipokuwa bado mbichi nilimwomba msumari, nikapiga magoti nikaandika jina la mama na tarehe zake kwa mkono wangu. Herufi mbili zilikwenda upande. Mvua ya kwanza ilinyesha siku tisa baadaye, kubwa, na asubuhi nikaenda kutazama. Makaburi mapya ya udongo yalikuwa yameshaanza kuzama. La mama lilikuwa palepale.

Jumamosi iliyofuata jirani yangu wa mlango wa pili alibisha hodi.

"Dada, nimekuja kuazima mrashi. Tuna maulidi kesho."

"Nimeuuza."

Akashika kiuno. "Umeuza mrashi wetu?"

"Nimeuza."

"Hela umepeleka wapi?"

Nikavaa kandambili. "Twende."

Tulivuka reli pamoja. Alipofika alilizunguka kaburi mara moja, akasoma jina kwa sauti ya chini, akagusa zile herufi mbili zilizopinda. Mvua ilikuwa imerusha matope ubavuni mwa tofali. Akakunja mikono ya gauni lake, akachota mchanga wa mvua, akachuchumaa, akaanza kusugua saruji ya mama yangu kwa nguvu zake zote.

Nikamwacha asugue.