Mpira Miguuni mwa Mwalimu

Kila nikiupaka mpira wa ngozi mafuta ya ng'ombe, harufu yake hunirudisha Mamboya, kwenye uwanja wa shule wenye mteremko.

Mwalimu wetu wa mpira alikuwa Mskoti, mchezaji wa zamani huko kwao, mwenye mvi na goti bovu. Siku moja alisimama na mpira miguuni, akasema, "Ninyang'anyeni. Atakayeshindwa, Jumamosi hachezi na timu ya Chanzuru."

Hakuna aliyesogea. Nani amvamie mzee?

"Mnaogopa nini?" akafoka.

Mimi nilitaka kucheza, jamani. Nikamsogelea, nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, mwalimu."

Hasira ikamwisha. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, kama wazee wetu walivyomfundisha.

"Marahaba, binti yangu."

Alipoinua kichwa, mpira nilikuwa nao mimi, nakimbilia golini. Alicheka mpaka akakaa chini. Jumamosi nilicheza.

Siku hizi filimbi iko shingoni mwangu. Watoto wanaotaka kuninyang'anya mpira huanza na shikamoo. Nami marahaba yangu naivuta, naivuta, mpaka wapite na mpira.