Ikiwaka Nitakupa Raundi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki ya rafiki yangu. Mama yangu yuko mtaani Ziwani, Nairobi, mzima, na sehemu aliyoiona anaweza kukusimulia bila kuongeza chumvi. Najua visa kama hivi vinavyosikika. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kuuliza ushahidi uko wapi. Nilisomea uhandisi wa mitambo, nikamaliza chuo, kazi ikakosekana, nikabaki na akili ya kutafuta chanzo cha kila kitu na hakuna pa kuipeleka. Jambo hili nimelitafutia chanzo kwa muda mrefu. Nimeshindwa. Basi nitakueleza tu lilivyokuwa.

Baba yangu alikuwa karani wa reli. Alipofariki alituachia gari moja la Kijapani, la tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, lenye ule mngurumo wa kukatakata ambao vijana wa Eastlands huutambua gari likiwa bado mbali. Lilikuwa bovu. Bloku yake, yaani mwili wa injini, ilipasuka kwa joto wakati baba alipoanza kuugua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulishughulikia. Lakini mwaka huu ukoo ulikubaliana siku ya kujengea kaburi lake huko Vihiga, na mama akataka kitu kimoja tu: apelekwe na gari la mumewe. Hakutaka basi wala gari la kukodi.

"Kile kiti cha mbele alisema ni changu," aliniambia. "Nitaenda kumwona nikiwa nimekikalia."

Nikamwahidi. Unamjibuje mama anayezungumza hivyo?

Fundi wetu anaitwa Mutiso, mtu wa Machakos, ana gereji ya wazi karibu na Kiamaiko, ua uliozungushiwa mabati upande mmoja na waya upande mwingine. Ndiye aliyetafuta bloku nyingine. Aliipata kwa jamaa anayevunja magari ya ajali, ikiwa nzima, bila ufa. Tukaanza kazi. Silinda zikachongwa upya, tukaweka pistoni imara zaidi, beringi mpya, pampu mpya ya oili, na radieta kubwa kuliko ya zamani. Tabo tuliibakisha, lakini nikamwambia Mutiso aishushe nguvu.

"Unanunua simba halafu unamng'oa meno," alisema.

"Sitaki gari la kushindana. Nataka gari la kufika."

Usiku, katika chumba changu mtaani Pipeline, ambako dirisha langu linatazama dirisha la jirani na jua tunaliona kwa zamu, nililala nikiwaza juu ya ule utando wa oili unaotenganisha beringi na krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Ni mwembamba kuliko unywele. Ukikosekana kwa muda mfupi tu, injini nzima inakwisha. Nilimwona mama amesimama kando ya barabara gizani na boneti inatoa moshi. Asubuhi nilirudi gereji nikafungua nilichofunga jana, nikapima tena.

"Injinia, hiyo krenki umeipima mpaka inaona haya," Mutiso alisema. "Siku ukioa, bibi utampima na geji?"

"Nitaanza na mama mkwe."

"Huyo usimpime. Huyo mpelekee mbuzi."

Na kuhusu mbuzi, ngoja nikuambie. Mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko hupitishwa mbele ya gereji ile kila siku. Ni wanyama wasiojali, hupita juu ya makopo, juu ya moto wa takataka, juu ya miguu yako. Tangu bloku ile ifike, walipofika mbele yetu walisimama. Walipigwa fimbo, wakalia, kisha wakazunguka kupitia ndani ya mtaro wa maji machafu ilimradi wasipite hapo. Mutiso alisema ni harufu ya petroli. Lakini petroli si ilikuwapo siku zote?

Wakati huo ndipo alipoanza kuja yule mtu.

Alikuwa wa makamo, mwenye koti la kijivu ambalo kola yake ilikuwa imejikunja ndani upande mmoja. Alisimama nje ya waya, hakuwahi kuingia. Alinisalimu "Mulembe", salamu ya kwetu, nikadhani ni mteja wa Mutiso aliyenitambua kwa lafudhi. Hakuwa na maneno mengi. Aliuliza jambo lile lile kila alipokuja: "Imeshawaka?"

"Bado, mzee."

Anatikisa kichwa, anaangalia injini kidogo, anaondoka. Siku moja nilimhurumia. Kulikuwa na baridi ile ya Julai, manyunyu yasiyoisha, naye hana hata kofia. Nikamwambia kama sisi sote hapa Nairobi tunavyosema, maneno ya kumfurahisha mtu tu, "Ikiwaka nitakupa raundi, mzee," yaani nitamzungusha kidogo na gari.

"Asante," akasema. "Nitangoja."

Niamini, sikulifikiria tena neno hilo. Mimi, ninayefikiria kila kitu.

Injini iliwaka siku ya Ijumaa. Ilishika mara ya kwanza, ikatulia, ikapata joto vizuri, na hata Mutiso aliacha utani akaisikiliza. Injini iliyojengwa upya haiendeshwi kwa fujo. Lazima uizoeshe kwanza: uende taratibu, upandishe na kushusha mwendo, usiiite tabo, mpaka ringi zikae vizuri ndani ya silinda. Kwa hiyo Jumapili nilitoka alfajiri, barabara zikiwa tupu, watu wa kanisa bado wamelala. Mvua ilikuwa nyepesi, anga rangi ya majivu. Nilikuwa nimeingia barabara ya Kangundo nilipomwona yule mtu kando ya lami, amevaa koti lile lile.

Sikuogopa. Kwa nini niogope mtu ninayemjua? Nilisimama, akaingia, akakaa mbele. Nikamwambia afunge mkanda kwa sababu ya polisi, akaufunga polepole, kama mtu anayekumbuka jinsi ya kufanya.

Tukaenda. Hakuzungumza mpaka tulipopita nyumba za mwisho.

"Usiisukume," alisema. "Bado haijakujua."

"Siisukumi, mzee. Unaelekea wapi?"

"Nyumbani. Walikuja kuniita kule barabarani. Niliwasikia kwa mbali, lakini nilikuwa nimeshabebwa. Waliita jina langu, wakarudi na upepo."

Nilidhani ni mambo ya kazi, au mzee amechanganyikiwa kidogo kwa shida. Na tayari nilikuwa na wasiwasi mwingine. Mshale wa joto haukuwa umesogea. Tulikuwa tumeendesha muda wa kutosha kuchemsha chai, na injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, lakini ilinguruma vizuri kabisa. Nikaanza kupanga sababu kichwani: labda geji, labda waya, labda thamostati imebaki wazi. Nikaweka kiganja kwenye tundu la hita. Upepo uliotoka ulikuwa baridi, na ulinuka udongo uliochimbwa.

"Basi geuza," alisema. "Raundi nimeipata. Siku ya safari ya mama nitakuwa tayari."

Sikuwahi kumwambia habari ya mama. Niligeuka kumuuliza nani kamwambia, na kiti kilikuwa kitupu. Milango ilikuwa imefungwa, gari linatembea. Mkanda ulikuwa bado umefungwa, umekaza, umeshikilia kitu ambacho hakikuwapo. Kisha ukalegea mbele ya macho yangu. Mshale wa joto ukaanza kupanda, ukafika mahali pake pa kawaida, ukatulia.

Sijui nilivyorudi. Jumatatu nilimfuata Mutiso na kumuuliza yule mteja wake wa koti la kijivu ni nani.

"Mteja gani?" alisema. "Si yule mjomba wako?"

"Mjomba wangu?"

"Alikuwa anakusalimu Kiluhya, Injinia. Mimi nikasema ni mtu wenu, nikamwacha."

Mutiso aliweka spana chini, akampigia simu yule mvunja magari, akaweka sauti ya wazi ili nami nisikie. Yule jamaa hakuficha. Bloku ilitoka kwenye gari lililogongana uso kwa uso na lori kwenye mteremko wa barabara ya magharibi. Injini ilirudi ndani, ikamfuata dereva kitini. Waliomtoa walisema alikuwa ameikumbatia. Gari lilivutwa siku ile ile, na injini ikaondolewa kabla watu wake hawajafika. Dereva aliitwa Ainea, mtu wa soko dogo upande wa Butere.

Sasa nikaelewa maneno yake, na kama wewe si wa kwetu nitakueleza. Mtu wetu akifia njiani, watu wa nyumbani huenda mahali alipofia, wakamwita kwa jina, wakamwambia twende. Bila hivyo anabaki pale. Watu wa Ainea walifanya inavyopasa. Waliita barabarani, lakini yeye hakuwa barabarani tena. Alikuwa ndani ya injini, na injini ilikuwa njiani kuja Nairobi.

Nilienda Ziwani nikamweleza mama yote. Nilitaka aseme tutafute basi. Alinisikiliza huku akichambua mboga, hakuinua kichwa.

"Huyo hana ubaya," alisema. "Tutapitia kwao kwanza."

"Mama, siku ya kaburi ni moja. Tukichelewa?"

"Baba yako hana haraka tena. Huyu bado anayo."

Kwa hiyo tuliondoka asubuhi ya siku yenyewe, kukiwa bado giza. Kabla sijawasha, mama alifungua mlango wa nyuma, akavuta mkanda akaufunga juu ya kiti kitupu. "Ainea," akasema, kama mtu anayemwamsha mgeni, "twende nyumbani. Mbele ni kwangu, wewe kaa hapo." Kisha akapanda mbele, akaweka mkoba mapajani.

Safari ile sitaisahau. Mvua ilitufuata. Mshale wa joto haukuinuka hata kidogo, si kwenye milima, si kwenye foleni ya malori. Injini iliyokaa baridi hivyo ilipaswa kunywa mafuta na kukohoa. Hii ilivuta kama maji yanayoteremka. Kila tulipovuka mto, mama alisema kwa sauti ya chini, "Tunavuka," kumjulisha marehemu asiachwe ng'ambo. Mimi nilishika usukani na kujizuia kutazama kioo cha nyuma. Tulipopita ule mteremko wa ajali, nilisikia mtu akivuta pumzi nyuma yangu. Mama pia alisikia. Akaanza kuimba wimbo wa kanisa, polepole, mpaka tukafika chini.

Sokoni Butere tuliuliza, tukaelekezwa. Hatukuwa na namba ya simu ya mtu yeyote pale, kwa hiyo hakuna aliyejua tunakuja. Lakini tulipokata kona ya mwisho, mwanamke alikuwa amesimama langoni kwenye mvua, na karai la maji ya moto mikononi na taulo begani. Gari la baba hakuwahi kuliona maishani mwake. Alichokijua ni ule mngurumo.

Hakututazama sisi. Alikuja moja kwa moja hadi mbele ya boneti.

"Ainea," alisema. "Umechelewa."

Nilikuwa nikiitazama geji, naapa. Mshale ulipanda kwa mara ya kwanza tangu Nairobi, ukafika katikati, na injini ikazimika yenyewe. Sikugusa ufunguo. Nyuma yetu mkanda ulifunguka, tukausikia ukirudi mahali pake. Yule mwanamke aliweka karai chini, kando ya mlango wa nyuma, akageuka kando kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kunawa. Mama yangu alikuwa analia. Mimi nilizungusha ufunguo, mara moja, mara mbili.

Haikuwaka tena. Tulipanda pikipiki mbili kwenda Vihiga, mama amejifunika karatasi ya nailoni, nguo yake nzuri imejaa matope mpaka magotini. Tulipofika, saruji ilikuwa imeshamwagwa na watu walikuwa wanakunja viti. Hakukalia kiti chake kwenda kumwona mumewe. Alisimama kando ya kaburi bichi kwa muda mrefu. Mpaka leo hajanilaumu, na mpaka leo sijapata usingizi mzuri.

Nilirudi Butere na Mutiso tukaifungua injini. Beringi zilikuwa zinang'aa. Oili safi. Cheche zipo, mafuta yanafika, kila kipimo kiko sawa. Hakuna kilichoharibika, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Tuliliacha gari la baba pale pale kando ya jiko la yule mjane. Hakutuomba tuliache, lakini pia hakuna kati yetu aliyethubutu kulifunga kamba tulivute. Kuku hulala chini yake.

Siku hizi ninafanya kazi na Mutiso. Injini ikiletwa, kabla ya kushika spana nauliza nani aliiendesha mwisho na kama alifika alikokuwa anaenda. Wateja hucheka. Wewe pia cheka ukitaka, lakini uliza. Na mtu usiyemjua akisimama kando ya waya akakuuliza kama imeshawaka, muulize jina lake na kwao, na usimwahidi raundi ili kumfurahisha tu. Nasema hivi kwa sababu wiki iliyopita tumepokea injini nyingine, na jana, nikiwa nimeinamia silinda, nilisikia sauti ya mwanamke nyuma yangu ikiuliza swali lile. Sikugeuka. Nilikaza nati ambayo tayari ilikuwa imekaza.

Wakati wa chakula Mutiso alinawa mikono, akakaa kando yangu, akaniuliza.

"Injinia. Yule shangazi wako amekuja kufanya nini?"