Tumbo Joto la Bi Mwanakheri

Bi Mwanakheri wa Michenzani alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, na kazi hiyo haimtaki mtu mwenye papara. Kofia moja ina mamia ya vitobo, na kila kitobo huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka kikaze. Miaka thelathini alivishona huku akisikiliza redio. Mwaka huu vitobo vikaanza kuungana. Akabadilisha miwani, navyo vikazidi kuungana.

Daktari wa macho hakumzungusha. Sukari imeshaharibu vijishipa vya ndani ya jicho. Baada ya wiki sita watamchoma kwa mwanga maalumu, lakini sukari isiposhuka kazi hiyo itakuwa bure, na macho yatakwenda.

Mwengine angetoka pale akaapa kutogusa kitamu tena. Bi Mwanakheri alipita soko la Darajani akanunua halua nusu kilo. Tusimcheke haraka. Aliila amesimama jikoni, mlango kaurudishia, na kila kijiko kilimtuliza kidogo. Ilipokwisha, hofu ikarudi maradufu, maana sasa aliiogopa na halua yenyewe. Akatafuta mkate wa boflo.

Ikawa ndiyo hali yake. Asubuhi alikuwa mtu wa mchicha na maji. Ikifika alasiri akaishika kofia, akakitafuta kitobo asikione, basi mguu ushafika jikoni. Binti yake Yusra, aliyekuwa akikaa naye, akaficha sukari. Mama akala tende. Akaficha tende, mama akapata vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele, kwa jirani, kwani nani pale angemnyima Bi Mwanakheri vileja?

"Mama, hapa si umekula sasa hivi?"

"Nna njaa, mwanangu. Nifanyeje?"

Na hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyoamini.

Kwenye kliniki ya sukari alikutana na muuguzi mmoja, Nassra, msichana wa kuweza kuwa bintiye, aliyemwamkia shikamoo kabla hajafungua faili. Namba zilikuwa mbaya. Nassra hakumgombeza. Alimuuliza tu hiyo njaa huja vipi.

"Tumbo linakuwa joto," alisema Bi Mwanakheri. "Nnashikwa na tumbo joto mpaka nitie kitu."

Nassra akaweka kalamu chini. "Mtu akikwambia ana tumbo joto, Bi Mwanakheri, wewe unafahamu ana nini?"

"Ana hofu," akajibu, na hapo akajisikia mwenyewe.

Neno alilijua tangu utotoni. Kalitumia kwa watoto wanaongoja matokeo ya mtihani, kwa mabwana harusi, kwa kila mtu. Lilipomfika mwenyewe, akalichukua kuwa ni tumbo kweli, akawa analipelekea chakula. Aliona haya.

"Ramadhani ulikuwa ukifunga?"

"Mwezi mzima. Njaa hainishindi."

"Basi njaa unaiweza. Likija hilo joto, kabla hujenda jikoni, mwite mtu umwambie unaogopa nini."

Lilionekana jambo jepesi, kumbe ndilo lililomtoa jasho. Kula alikuweza peke yake. Kusema kulitaka mtu wa kusikia, na neno likishasikiwa halifichiki tena. Siku ya kwanza alimwita Yusra, akaishia kumwomba maji. Siku ya tatu alikula vileja sita. Siku ya tano aliita tena.

"Labeka, mama."

"Nnaogopa kupofuka. Nnaogopa utakuwa unanishika mkono kunipeleka chooni."

Yusra alikaa sakafuni ubavuni mwake akalia, wakakaa hivyo mpaka magharibi. Tumbo halikupoa hata kidogo. Lakini jikoni hakwenda, na siku za namna hiyo zikazidi zile za vileja.

Siku ya kuchomwa jicho, sukari ilikuwa imeshuka kiasi cha kukubaliwa. Bi Mwanakheri alikaa kwenye benchi la hospitali, tumbo linawaka. Pembeni yake mwanamke asiyemjua, naye akingoja kuitwa, alikuwa akila biskuti moja baada ya moja. Akamsogezea pakiti.

"Karibu, bibi."

Mkono wa Bi Mwanakheri ulikwishanyanyuka. Akaurudisha mapajani.

"Ahsante. Sina njaa. Nnaogopa."

Yule mwanamke akaacha kutafuna. Akaiangalia biskuti iliyobaki nusu mkononi mwake.

"Kumbe," akasema.