Siku Nilipotoka Ndani ya Dipu la Ng'ombe

Mpaka leo nikipita barabara ya Soy nikaona ng'ombe wanapelekwa kuogeshwa, nageuza uso upande wa pili na kujifanya natazama ndege, na kama hakuna ndege natazama mawingu, kwa sababu aibu niliyoipata kando ya dipu ingegawiwa Eldoret nzima kila mtu ashibe, na watu wa Timboroa bado wangepata ya kubeba nyumbani.

Sikilizeni basi. Wakati ule wazungu walikuwa wanauza mashamba na kwenda zao, nasi tukaungana watu wa kila kabila tukanunua shamba moja karibu na Soy. Ardhi ilikuwa haijapimwa, kwa hivyo tulikaa pamoja kama siafu, wengine kwenye nyumba ya mzungu, wengine ndani ya stoo ya mahindi, na ng'ombe wetu wote tukawaogesha katika dipu alilotuachia, lile shimo refu la saruji lenye maji ya dawa (rangi yake ni ya chai iliyosahauliwa jikoni), ambamo ng'ombe huruka upande huu, akaogelea, akatokea upande ule bila kupe.

Mimi nilikuwa nimemaliza masomo yangu ya usiku pale mjini (wengine waliyaita ngumbaru, mimi niliyaita chuo kikuu cha taa ya karabai) na nilikuwa nimechoka kupasua mbao, mgongo umekuwa kama upinde. Kamati iliposema watoto wa shamba wanatafutiwa mwalimu, nilivaa suti yangu ya pekee nikafika kabla hawajamaliza kusema. Mwenyekiti wetu, Mzee Kirwa, alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Wafula, karatasi zako tumeona. Sasa Jumapili, baada ya ibada, simama mbele ya watoto uwape hadithi. Wakilala, unarudi kwa mbao."

Wakilala! Mimi!

Nilichagua hadithi ambayo kila mtu anaijua, ya zimwi linalomeza kijiji kizima, watu, mbuzi, kuku, mpaka kijana mmoja analikata kidole kwa kisu na wote wanatoka wazima wakicheza. Bibi yangu aliisimulia vizuri, Mungu amlaze pema, lakini mimi msomi niliona ni ya upole mno (mtu amemezwa, halafu anatoka hata shati halijakunjika?), nikaamua kuitia pilipili kidogo. Uamuzi wangu ulikuwa huo tu, jamani, na kila kitu kingine kilikuja chenyewe.

Nililitoa zimwi msituni nikalihamishia ndani ya dipu, kwa sababu dipu lilionekana pale dirishani. Nikasema linalala chini kabisa, mdomo wazi, linangoja. Nikasema kisu cha yule kijana kilivunjika na hakuna aliyetoka. Halafu nikashusha sauti: "Na mtu yeyote mliyeambiwa amesafiri, na hajarudi, yuko humo."

Hakuna aliyelala, hiyo niwaambie. Watoto hawakupepesa macho. Wazazi waliosimama nyuma walicheka hadi wakashikana mabega, na Mzee Kirwa akapiga magoti yake makofi: "Huyu ana mdomo! Aanze kesho!"

Mama Chebet peke yake hakucheka. Aliinuka akatoka, nami nikadhani ameacha chungu motoni. Mume wake alikuwa ameangukiwa na mti kule Timboroa, mvua zikikaribia kuanza, na kwetu siku hizo mtoto mdogo hakuambiwa habari za kifo. Chebet aliambiwa baba amesafiri. Nilijua. Shamba zima lilijua. Lakini mimi nikisikia watu wanacheka nasahau hata jina langu.

Ikafika siku ya kuogesha ng'ombe. Sasa ng'ombe wetu walikuwa na tabia moja: hawaruki mpaka mtoto asimame upande wa kutokea na kumwita yule wa mbele kwa jina. Siku hiyo hapakuwa na mtoto hata mmoja. Wote walikuwa ndani ya mahindi, wamelala kifudifudi. Ng'ombe wakajaa mlangoni mwa dipu, wa nyuma wakisukuma wa mbele, fimbo zikilia, mavi yakiruka, na wanaume wakanigeukia.

"Mwalimu! Zimwi ni lako! Kuja ulitoe!"

Nikaenda, na suti yangu. Nikasimama ukingoni kabisa, mbele ya ng'ombe wenyewe, nikainama, nikachota maji kwa kiganja na kuita kwa sauti kubwa, "Watoto! Tokeni muone! Ni maji tu!" Vichwa vikaanza kuchomoza kwenye mahindi. Na yule ng'ombe wa mbele, aliyekuwa akingoja sauti ya kumwita, alisikia hiyo yangu akaona inatosha. Akaruka.

Sikuanguka, nilibebwa. Nilizama, nikanywa, nikapigwa kwato mahali ambapo sitasema, na nikatokea upande wa pili nikitambaa kwa mikono na magoti, mweusi kama chungu, suti inaning'inia, mdomo wazi, na kooni hamna sauti ila mngurumo.

"Zimwi! Zimwi limetoka!"

Watoto walikimbia kiasi kwamba wengine tuliwakusanya hadi jioni. Watu wazima walicheka mpaka Mzee Kirwa akaketi chini kwenye matope. "Mpeni maziwa," alisema huku machozi yanamtoka, "mpeni maziwa asitufie!"

Chebet hakukimbia. Alikuja taratibu mpaka pale nilipopiga magoti, akanitazama, halafu akatazama maji nyuma yangu. Akangoja kidogo.

"Mwalimu," akasema, "baba anakuja nyuma yako?"

Kicheko kilikatika. Mama Chebet alipita katikati ya watu na kibuyu cha maziwa, akaniwekea mikononi bila kunitazama, akamshika mtoto.

"Kuja, mama," alimwambia bintiye. "Kuja nikuambie."

Waliketi mbali juu ya kisiki, wametugeuzia migongo. Alichosema mama hatukukisikia. Tulimsikia mtoto tu.

Kazi alipewa mwingine, nami nikarudi kwa mbao. "Si kwa ubaya, Wafula," Mzee Kirwa aliniambia, na kweli haikuwa kwa ubaya.

Sasa nina watoto wangu. Jirani akifa wanaambiwa amekufa, siku hiyo hiyo, hata kama wako mezani. Hadithi ya zimwi bado wanaitaka, na nawapa, lakini tukifika tumboni natoa kila mtu kwa jina lake, halafu mbuzi, halafu kuku na vifaranga, mpaka wananilalamikia, "Baba, tumesikia, tuache tulale!"

Nawaambia ngojeni kwanza. Kuna mwingine bado, anakuja nyuma yao.