Sheli Mpya ya Mama Redio

Kazini walimwita Mama Redio kwa sababu kompyuta yake ilisema kutwa nzima. Haoni tangu utotoni, na kila kilichotokea kwenye kioo alisomewa na sauti ndani ya hedifoni, mbio mbio kiasi kwamba wenzake wakijaribu kusikiliza waliambulia mlio tu. Alitunza kompyuta za zahanati zote kupitia mtandao akiwa mezani kwake, na kazi aliimudu barabara. Hakuwahi kumwomba mtu macho.

Basi mkuu wa kitengo akaitisha kikao cha kuchagua sheli, ile programu inayopokea amri unazoandika, itakayowekwa kwenye kompyuta zote. Ya zamani ilikuwa kimya: unaandika, inatii, imetoka hiyo. Mpya ina rangi, na ukianza neno tu inakisia lililobaki na kukuonyesha kwa maandishi hafifu. Watu wakashangilia utadhani goli limeingia.

"Jamani," akasema Mama Redio, "sauti yangu haijui hafifu. Itanisomea nilichoandika na nisichoandika, vyote pamoja."

"Usijali, dada. Kompyuta yako tutaiachia ya zamani."

"Kazi yangu haiko kwenye kompyuta yangu, bosi. Iko kwenye za zahanati. Hayo makisio si mnaweza kuyazima?"

"Tutaliangalia," alisema mkuu, na neno hilo kila aliyewahi kufanya kazi ofisini analijua. Mikono ikanyooshwa. Yeye alisikia viti tu.

"Wangapi?" akauliza.

"Karibu wote, dada," jirani yake akamnong'oneza.

Haikupita wiki tangu sheli mpya iwekwe, zahanati moja ikapiga simu: kompyuta imejaa. Mlikuwa na folda mbili. "Picha" ilikuwa na eksirei za wagonjwa, na "picha-mbovu" ilikuwa na zile zilizoharibika. Mama Redio akaandika amri ya kufuta, akaanza jina, na alipofika herufi ya tano sauti ikamsomea bila kusita: picha mbovu. Miaka yote alichokisikia ndicho kilichoandikwa, kwa hiyo akabonyeza. Kumbe "mbovu" lilikuwa kisio tu; alichoandika ni "picha" peke yake. Zilizofutika ni eksirei za wagonjwa.

Nakala za akiba zilikuwepo, picha zikarudi kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyemgombeza. Heri wangemgombeza, angalau angekuwa na wa kumjibu. Mkuu alivuta kiti akakaa karibu naye, akaongea kwa upole uliomkata maini.

"Dada, kuanzia leo mwenzako atakaa hapa akusomee."

"Niondoleeni makisio tu, bosi."

"Tutaliangalia."

Mwenzake alikuwa mtu mwema, tena mvumilivu, akisoma polepole na kurudia kila mstari kana kwamba Mama Redio ni mgonjwa. Sauti mbili hazisikilizwi kwa mpigo, kwa hiyo Mama Redio akavua hedifoni akaziweka mezani. Hasira ilimjaa kifuani na hakuona wa kumtolea.

"Nimeshakuandikia, dada," mwenzake akasema. "Nibonyeze?"

Mikono ya Mama Redio ilikuwa mapajani, haina kazi.

"Bonyeza," akasema.